Jina Ulilolikata Kinywani mwa Baba

3 Machi

Chiriku,

Usinipigie simu. Nimeona umepiga tangu jana asubuhi, na nitaendelea kutopokea. Kwenye simu wewe hulia, na ukilia mimi husamehe kabla sijamaliza kukasirika, halafu hasira inabaki kwangu imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Safari hii nataka niimalize. Ukiwa na la kusema, andika.

Filamu yako nimeiona. Shangazi alikuja nayo kwenye kompyuta ya binti yake, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akasema, "Njoo uone mdogo wako alivyomtendea haki marehemu kaka yangu." Kulikuwa na mteja aliyekuja kuchukua vifuniko vya makochi, naye akavuta kigoda. Dakika kumi na nne. Shangazi alianza kulia kabla hata majina hayajaisha kupita. Mteja naye akamfuata. Mimi nilikaa na mkasi mkononi, nikingoja nitokee.

Sikutokea.

Nikajiambia labda niko jikoni. Labda mtu atapita mlangoni na beseni, hata mgongo wake tu uonekane, nijue ni mimi. Hakuna. Baba wa kwenye filamu yako ana mtoto mmoja, wa kiume, mabega mapana na uso wa huzuni, na mtoto huyo ndiye anayemgeuza kitandani, ndiye anayemsugua mgongo kwa mafuta, ndiye anayemkata kucha, ndiye anayemdanganya kwamba lori lake bado liko gereji linapakwa rangi. Hilo la lori nilikusimulia mimi. Wiki ile ya msiba nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, hoi, nakusimulia ili nipate wa kucheka naye. Kumbe mwenzangu anaandika.

Hata hayo ningeyameza. Sikumgeuza baba yangu ili nipewe nishani. Lakini mwishoni ukaweka sauti yake. Si ya yule mzee mwigizaji, yake mwenyewe. Ule ujumbe wa sauti alionitumia kutoka chumba cha nyuma kuja dukani, kwa kuwa cherehani ilikuwa inanguruma na asingesikika hata angepasua koo, yeye aliyezoea kushindana na injini. Ujumbe huo naujua kwa moyo. "Fundi! Njoo unigeuze, mgongo unawaka." Nilikutumia wiki ile tuliyomzika, kwa sababu ulikuwa unalia kwamba umeanza kusahau sauti yake.

Kwenye filamu anasema: "Njoo unigeuze, mgongo unawaka." Na mtoto wako wa mabega anakimbia.

Fundi yuko wapi, Chiriku? Tangu siku ile nikiwa mdogo nilipofungua redio yake nikashindwa kuifunga, baba hakuniita kwa jina jingine. Alinitania nalo, akanigombeza nalo, na mwisho akaniomba maji nalo. Wewe umelikata kinywani mwake kama mtu anayepunguza uzi. Umemfanya marehemu amwite mtu ambaye hakuwepo.

Nataka mambo mawili. Rudisha jina langu kabla filamu haijaoneshwa ukumbini, maana Shangazi ameshaalika ukoo mzima. Na nitumie ule ujumbe wenyewe, mzima, kama nilivyokupa. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, ikafa na sauti zote za baba. Aliyebaki nayo ni wewe.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Haya, tuandikiane, kama watu waliotenganishwa na bahari.

Umenitukana ukurasa mzima na sikukatizi, lakini sasa nisikilize. Nilikuandika kwenye filamu. Mara tatu. Kila nilipomweka dada chumbani, hadithi iliacha kuwa ya baba na mtoto ikawa ya ndugu wawili wanaogombana juu ya kitanda. Dakika kumi na nne hazibebi watu watatu. Filamu si daftari la mahudhurio. Na jina lako, niambie, mtazamaji ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwetu akisikia "Fundi!" ataelewa nini? Atadhani mzee anamwita fundi bomba.

Unasema nimemfanya marehemu amwite mtu ambaye hakuwepo. Kweli, sikuwepo. Tuulizane basi kwa nini.

Kila Jumapili nilipiga. Kila Jumapili ulisema, "Amelala." Nikasema nije, ukasema, "Usihangaike, anaendelea vizuri." Nikasema mpe simu nimsikie, ukasema, "Ametoka kula dawa sasa hivi." Baba aliyekuwa anaendesha usiku kucha anatafuna karanga ili asisinzie, ghafla analala miezi minane mfululizo, na mimi mjinga nikaamini. Nilikuja nikakuta udongo mbichi. Watu wananipa pole kwa kitu ambacho sikukiona kikitokea. Wewe ulikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Mimi nilikuwa na begi.

Umenicheka kwa yule kijana wa mabega. Ndiyo, nilimtengeneza. Wewe ule mgongo uliugeuza mpaka ukauchoka. Mimi sikuugeuza hata mara moja. Nilijenga chumba cha mbao ndani ya ghala, nikaweka kitanda, nikamlaza mzee wa watu, nikamwajiri kijana afanye kile ambacho wewe ulininyima kukifanya. Basi kama tunahesabiana wizi, wa kwanza kuiba ni wewe.

Jina siwezi kulirudisha. Waandaaji wa maonyesho wameshaikubali filamu ilivyo. Ule ujumbe nitautafuta, nina kazi nyingi kwa sasa.

Mdogo wako


17 Machi

Chiriku,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kushona, nikashona mkono wa kochi mahali pa mgongo. Nimefumua yote. Umenitia hasara ya siku nzima kwa karatasi moja.

Sasa sikia nisilotaka kukwambia. Aliyekufukuza si mimi.

Siku ya kwanza aliposhindwa kujizuia, alilia, halafu akaacha kulia akaniangalia kama mimi ndiye niliyemwaga. Akasema, "Yule mtoto asinione hivi. Akipiga, mwambie nimelala." Nikasema, baba, atakasirika. Akasema, "Akasirike. Akija ataniona, na akiniona hatasahau." Nikabisha naye. Unajua jinsi ya kubishana na dereva wa lori? Ni kubishana na breki zilizokufa. Aliniapiza. Kwa hiyo kila Jumapili nilisimama pembeni ya kitanda chake, yeye macho makavu yamekodolea simu, anasikia sauti yako inavyotoka, na mimi nasema, "Amelala."

Sasa fikiri, wewe uliyesoma mambo ya hisia za watu. Kwako alitaka kubaki dereva. Kwangu alikubali kuwa mzigo. Wewe ulikuwa mtu wa kuonewa haya. Mimi nilikuwa nani? Mikono tu. Kuna asubuhi nilikuwa namsugua mgongo huo unaoulilia wewe na moyoni namchukia, yeye na wewe mliokuwa mnapendana kupitia masikioni mwangu. Usiniambie nilikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Ilikuwa kazi, na niliimaliza, na hakuna aliyesema ahsante.

Ila aliniita. Hilo tu. Mara ishirini kwa siku, kwa ukali, kama nimechelewa kabla hata sijaitwa. Fundi! Nguo zake tuligawa. Lori liliuzwa zamani. Picha naye sina hata moja, maana siku zote mimi ndiye niliyekuwa napiga. Kilichobaki ni lile neno.

Na usiniambie utautafuta. Kitu unachojua kilipo hukitafuti, unakwenda kukichukua. Uko wapi ujumbe wangu?

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni. Sikujua. Ningejua ningekuja hivyo hivyo, nikavunja mlango, akanitukana vizuri kisha tukazoeana. Nimemkasirikia mpaka nimeupiga ngumi ule mlango wa chumba cha mbao, nao ni wa kuigiza, ukatoboka.

Ujumbe nimeupata. Ulikuwa kwenye kompyuta ya zamani ambayo sikuitumia kwa muda. Nimekuwekea kwenye flashi hii ndogo. Ni mzima, na jina limo. Samahani kwa kuchelewa.

Usikilize ukiwa peke yako kwanza.

Mdogo wako


9 Aprili

Chiriku,

Flashi imefika. Jirani wa duka la simu amenihamishia sauti kwenye simu mpya. Nimesikiliza.

Shangazi naye amesikiliza. Alijifunga kanga kichwani akasema, "Ni yeye mtupu, kaka yangu ni yeye mtupu," akaondoka bila kumaliza chai.

Ninaiwasha asubuhi kabla ya kufungua duka. Ahsante.

Dada yako


14 Aprili

Dada yangu,

Hujui ulivyonitua mzigo. Neno moja tu, ahsante, nimelizungusha kichwani siku nzima kama mtu aliyepewa pipi.

Kumbe ilikuwa bahati ya ajabu. Ile kompyuta nilikuwa karibu kumpa rafiki yangu mpiga picha, na alishakuja kuichukua, mvua ikanyesha, akaahirisha. Nikasema ngoja niifungue mara ya mwisho. Nikaingia kwenye faili la mwaka juzi, ujumbe haumo. Nikaingia kwenye faili la picha, ambako hata huwezi kuweka sauti, nikakuta umejificha humo. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akabisha hodi.

Na sikia hii, maana nataka uisikie kwangu kwanza. Nimelirudisha! Nilikwenda kwa waandaaji, nikabembeleza, wakaniruhusu nibadilishe sauti ya mwisho. Tarehe kumi Mei ukumbini, mbele ya Shangazi na ukoo wote, baba ataita, "Fundi! Njoo unigeuze, mgongo unawaka." Wasioelewa shauri yao. Nyumbani wote wataelewa.

Sasa naweza kupiga simu?

Chiriku wako


20 Aprili

Kwako binti yangu,

Hunijui. Mimi ni yule mzee aliyelala kitandani badala ya baba yako. Anwani yako nimeiona juu ya bahasha aliyokuwa anaiandika mdogo wako, nikaomba ruhusa moyoni nikaiandika kiganjani. Uniwie radhi kwa hilo.

Nimeigiza wafalme, walevi na mapolisi, na nimekufa mara nyingi kuliko paka, lakini sijawahi kumfia mtu niliyeambiwa habari zake kwa namna ile. Kijana alinionesha hata jinsi baba yako alivyokuwa anashika shuka. Taa zikizimwa, wenzake wakienda kula, alikuwa ananiomba nisiamke kwanza. Anakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, haongei. Mimi nami najifanya nimelala. Sikuwahi kumuuliza, na nadhani hakutaka kuulizwa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita alinifuata nyumbani, macho mekundu, akaniambia amefanya kosa kubwa. Kwamba aliposafisha sauti ya marehemu alikata neno la mwanzo, akahifadhi juu ya ile ya asili, na simu iliyokuwa na nakala alishaiuza. Neno lenyewe halipo tena popote. Akaniomba nilitamke mimi, alishone pale. Tulilirudia mara nyingi sana. Kila nikisema, anasema, "Bado, mzee, bado." Mwisho akasema, "Hiyo," akatoka nje, nikamsikia anatapika.

Nilidhani mmekubaliana ninyi wawili, kwa kuwa ni jambo la familia. Basi nikaona si adabu mtu kubeba neno zito la nyumba ya watu bila kuja kubisha hodi. Kama nililitamka vibaya unisamehe. Nilijitahidi kulisema kwa upendo.

Mzee wa kitandani


25 Aprili

Chiriku,

Mzee wako ameniandikia. Ole wako umgombeze. Ana adabu ya watu kumi kama wewe.

Na usikae ukadhani ndipo nilipojua. Nilijua mara ya kwanza, kabla neno halijaisha. Yule mzee anasema "Fundi" kama mtu anayeaga stesheni. Kwa upendo, amesema mwenyewe, masikini. Baba aliliita kwa upendo lini? Baba aliliita kama mtu aliyekanyagwa kidole. Wewe ulimsikia maisha yako yote ukiwa kwenye nyumba ile ile, ukamwambia mgeni, "Hiyo." Na hadithi yako ya mvua na rafiki mpiga picha na mama mwenye nyumba! Mkweli angesema nimeipata, basi.

Utauliza kwa nini nilikuandikia ahsante. Kwa sababu niliona haya. Nilipoiwasha, kabla akili haijafika, mdomo ulishatangulia. "Abee." Peke yangu dukani, mlango umefungwa, nimemwitikia mwanamume nisiyemjua. Nikacheka, nikalia, nikaizima. Kesho yake nikaiwasha tena. Najua ni uongo, naiwasha, naitika, nakwenda kushona. Mfa maji haishi kutapatapa, Chiriku, na mimi nimetapatapa kila asubuhi ya Mungu. Ndicho ulichonifanya. Umenifundisha kuitikia mgeni na kumwita baba.

Ningeweza kuendelea hivyo. Uongo wako na aibu yangu vingekaa pamoja kwenye simu, visimsumbue mtu. Lakini wewe kukaa kimya hujui. Umekwenda kuubandika kwenye filamu, ukoo wote ukae gizani wamsikilize mtu baki akiniita kwa niaba ya baba yangu, na mimi nikae katikati yao nifute machozi kwa adabu!

Litoe. Nasema litoe. Nilipokwambia ulirudishe nilidhani lipo. Kama ulilitupa, limetupwa. Usinitengenezee lingine. Baba aseme yale tu aliyoyasema kwa kinywa chake, hata kama kwa watu wote yatakuwa yanamhusu yule kijana wa mabega. Afadhali nisiitwe kuliko niitwe na asiye baba.

Uliniambia wa kwanza kuiba ni mimi. Nilikuibia kumwona. Wewe umeniibia kuitwa. Tusidanganyane kwamba sasa tuko sawa, maana hakuna aliyerudishiwa chake.

Ukumbini nitakuja kwa sababu ya Shangazi. Usinikalie karibu.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Uliondoka kabla taa hazijawashwa, kwa hiyo hujui kilichotokea. Ngoja nikusimulie, na nitasimulia kwa ufupi, kwa kuwa umenifundisha kwamba nikirefusha nadanganya.

Jina nililitoa siku ile ile nilipopata barua yako. Waandaaji walinifokea kama mtoto. Mmoja aliniuliza kama familia yetu ina akili timamu, nikamwambia hapana.

Ulipoingia nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulinipita kama nguzo. Ukakaa kiti cha pembeni, Shangazi katikati, binamu zetu safu nzima. Nilisimama nyuma kabisa sikuangalia filamu, niliangalia kisogo chako. Dakika zote kumi na tatu hukujitikisa. Kisha chumba kikawa cheusi, ikaja sauti yake. "Njoo unigeuze, mgongo unawaka."

Na wewe ukaitika. "Abee, baba!" Hukuitika kwa kunong'ona. Uliitika kwa ile sauti ya kumjibu mteja msumbufu, sauti ya mtu mwenye sindano mdomoni. Ukasimama, ukasukuma kiti, ukapita kwenye njia kwa haraka kama kweli kuna mtu wa kugeuzwa, ukatoka. Kule mbele kijana wangu anakimbia kwenye pazia, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anamwangalia yeye. Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia mlangoni.

Wengine walidhani ni sehemu ya filamu. Mtu akapiga makofi. Shangazi akasimama gizani, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Nyamazeni! Huyo ndiye aliyekuwa anaitwa." Taa zilipowaka binamu zetu wote walikuwa wananitazama mimi, na hakuna aliyeniuliza kitu, na heri wangeniuliza. Mzee wa kitandani alikuwa analia mpaka miwani imemwanguka.

Mratibu wa maonyesho akanifuata. Anasema lilikuwa jambo la nguvu sana. Anauliza kama yule mama anaweza kufanya vile kwenye miji mingine, watamwekea kiti chake. Nilimwambia maneno ambayo Shangazi aliyasikia na ataniadhibu kwayo.

Nimekasirika, dada. Sikufichi. Nimekasirika kwamba nilitaka kumzika baba kwa mikono yangu mwenyewe walau mara moja, hata kwa mbao na taa, na sasa siwezi. Kila nikimwona yule kijana anakimbia nasikia wewe umeshaitika na umeshafika. Hakuna wa kumkimbilia tena. Filamu yangu umeiua kwa neno moja, na neno lenyewe ni la kweli, kwa hiyo sina hata pa kulalamikia.

Inatakiwa ioneshwe tena mwezi ujao, mji wa pili kutoka kwako. Nimewaza niifungie kabatini. Niambie nifanye nini. Ukisema niifungie, nitaifungia.

Mdogo wako


16 Mei

Chiriku,

Usiifungie. Mle ndani ndimo ilimobaki sauti yake, na sauti ya mtu haifungiwi kabatini.

Bado sijakusamehe. Nikikusamehe utajua, maana nitakutumia vifuniko vipya vya yale makochi yako ya aibu. Kwa sasa sina hata kitambaa.

Mwambie huyo mratibu mimi siigizi, na kiti chake akikalie mwenyewe. Wewe niandikie siku na ukumbi, huo wa mwezi ujao na mwingine wowote utakaofuata. Nitafunga duka nitakuja, nitalipa mlangoni kama watu wengine, na sitakusalimia.

Usidhani nakuja kukusaidia, wala usidhani nakuja kukuharibia. Baba akiita, anayekwenda ni mimi.

Fundi